Watu wa Anime Wanasafiri Mno

Ukitaka kufukuzwa dukani kwetu kabla hujatoa suruali yako kwenye mfuko, mwambie Mama Zipu kwamba anaangalia katuni. Atainua kichwa kutoka kwenye cherehani, atakuangalia kuanzia miguuni kwenda juu, na atakuuliza kama una mtoto mdogo nyumbani, kwa sababu katuni ni za huyo. Yeye anaangalia anime. Ana miaka hamsini na miwili, ana magoti mabovu, na hajawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo.

Mimi si mtu wa anime. Nalisema mapema asije mtu akanisingizia. Mimi ni mkataji, watu wananiita Makasi, na meza yangu ya kukatia imeelekea ukutani. Kwa miaka kumi na sita nimekata vitambaa nikiwa nimempa Mama Zipu mgongo, yeye akishona na kubadilisha zipu, na yote ninayoyajua kuhusu anime yameniingia kwa masikio tu. Naeleza habari hii kwa sababu namna Mama Zipu alivyokuwa akiziangalia anime zake nusura imkoseshe binti yake kazi ya uuguzi. Na mimi sikuwa mtazamaji tu katika jambo hilo, ingawa ningependa sana kusema nilikuwa.

Kwanza nianze na maoni yake, maana mtaa mzima unayajua na wengine huja dukani kuyatafuta bila hata nguo ya kushona. Mama Zipu hapimi anime kwa nyota wala kwa alama. Anapima kwa zipu. Hadithi ikianza vizuri, ikapanda, pande mbili zikakutana hadi juu bila kung'ang'ania, anasema, "Imefunga." Ikianza kwa mbwembwe kisha ikapotea njia, anasema, "Imekwama katikati." Na ile ambayo mtunzi ameiharibu mwisho mpaka unajuta muda wako, "Imeng'oka meno." Hukumu hizo hazina rufaa.

Hawezi kumvumilia shujaa anayevaa koti moja vipindi hamsini, akapigwa, akaungua, akaanguka mtoni, na kesho yake hata pindo halijafumuka. "Fundi wake ni nani?" anauliza. "Nipeni namba yake nikajifunze." Hawapendi watu wanaopigana huku wanasimuliana habari za utoto wao, anasema mwenye pumzi ya kusimulia hajapigwa vya kutosha. Vile vipindi vya kujazia, ambavyo hadithi haisogei na wote wanakwenda tu kuogelea, anaviita pamba ya mto. Lakini mvua ya kwenye anime anaipenda kuliko mvua ya kweli. Anapenda chakula kinavyochorwa mpaka mvuke wake. Na zaidi ya vyote anapenda zile dakika ambazo hakuna anayesema kitu, mtu amesimama mlangoni, feni inazunguka, kisha anaondoka. "Wengine wangejaza maneno hapo," huniambia. "Hawa wamemwacha asimame." Kuhusu filamu na mfululizo msimamo wake ni kwamba filamu ni suti, imepimwa mara moja na lazima ikae, mfululizo ni sare ya shule, uache kitambaa cha kufungulia mtoto akikua. Filamu nyingi, kwa maoni yake, zinabana kwapani.

Ila lalamiko lake kubwa lilikuwa moja, na haikupita wiki bila kulirudia.

"Hawa watu wanasafiri mno," alikuwa akisema. "Kila ukimpenda mtu, kipindi cha nne amesafiri. Haagi, harudi, hata barua haandiki. Nauli wanapata wapi?"

Hapo sasa ndipo anapoingia Redio, binti yake wa pekee. Jina hilo tulimpa wenyewe pale dukani kwa kusoma kwake kwa sauti. Anime zinaongea Kijapani, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza, tena yanapita upesi. Mama Zipu anajua kusoma, ila Kiingereza chake ni cha kubahatisha, na hata kingekuwa kizuri, macho yake yako kwenye sindano. Cherehani yetu ni ya mota. Ukikodolea simu macho huku mguu uko kwenye pedali, utajishona kidole. Basi Redio alipofika miaka kumi na mmoja alianza kutoka shule moja kwa moja hadi dukani, anakaa kwenye kigoda kati ya cherehani na dirisha, simu ameiegemeza kwenye kopo la bobini za uzi, na anasoma. Aliyageuza maneno papo hapo kwa Kiswahili, kila mtu na sauti yake: nzito ya babu, nyembamba ya paka, ya kukwaruza ya adui. Mama yake anashona, anainua macho kidogo, anayarudisha kwenye mshono. Waliangalia hivyo kwa miaka saba, mpaka Redio alipokwenda chuo cha uuguzi.

Katika hadithi zote hizo, moja tu ilipewa "imefunga" bila hata kufikiriwa. Ilikuwa ya mtengeneza miavuli na watoto wake watatu. Kipindi cha tisa baba anasafiri. Watoto wanabaki na duka, wanakosea, wanaunguza gundi, wanapoteza wateja, wanajifunza. Na kila mwaka, siku ileile, wanatembea hadi kituo cha basi nje ya mji, mahali penye jiwe, na wanauacha mwavuli uliofunguliwa juu ya jiwe hilo ili baba akishuka asilowe. Baba hashuki. Hadithi inaishia hapo, mwavuli na mvua. Kwa hiyo peke yake Mama Zipu hakuuliza habari za barua.

"Hao ndio watoto," alisema, akapenga kamasi kwa kipande cha bitana. "Unasubiriwa hata kama wewe mwenyewe huna adabu ya kuandika."

Redio alipoondoka, kigoda kikabaki kitupu, na Mama Zipu akakosa msomaji. Mimi nilimwambia ajaribu muziki kama watu wengine. Wapi! Alianza kurudia zile za zamani, hasa ya miavuli, kwa sababu maneno ya Redio alikuwa ameshayakariri. Alikuwa akiyasema mwenyewe chini chini, mguu ukiwa kwenye pedali, hata ile sauti nzito ya babu.

Sasa, Jumanne moja mchana aliingia mwalimu wa sekondari ya mtaani kwetu. Zipu yake ilikuwa imeharibika wakati wa mapumziko, na alikuwa na masomo mawili mbele yake. Suruali nyingine hakuwa nayo. Tulimfunga mita moja na nusu ya bitana ya zambarau, tukamkalisha kwenye kigoda cha Redio, akabaki hapo na soksi zake na viatu vyake vya kung'aa, hana pa kwenda mpaka Mama Zipu amalize. Akatupa jicho kwenye simu.

"Kumbe na wewe unaangalia hii ya miavuli?" alisema, uso umemchangamka. "Niliimaliza mwaka jana. Nililia mpaka mke wangu akaja kuuliza. Sijaona hadithi nzuri ya msiba kama ile."

"Msiba gani, Mwalimu?"

"Si wa yule baba."

"Baba amesafiri," alisema Mama Zipu.

Mwalimu alicheka kidogo, akidhani anataniwa. "Mama, yule baba alikufa. Kipindi cha tisa, palepale hospitali."

"Mwalimu, kaa vizuri, bitana inakuvuka. Mimi hii nimeiangalia mara nne."

"Nami mara mbili. Lakini inasema alikufa."

Wote wawili ni wabishi. Nilisikia sauti zikipanda nyuma yangu, nikaendelea kukata kola. Mama Zipu alisema kama ni msiba basi kituo cha basi kinatafuta nini mle ndani. Mwalimu akauliza kituo kipi. Mama Zipu akamwambia, chenye jiwe. Hapo nadhani ndipo mwalimu alipoanza kuelewa kwamba ameshika kitu asichotakiwa kukishika. Lakini Mama Zipu hakumpa nafasi ya kukiachia. Alikitafuta kipindi cha tisa, akamsogezea simu.

"Soma," alisema. "Kama kilivyoandikwa."

Mwalimu akasoma, taratibu, kama anayesomea darasa. "Daktari anasema, 'Tumejaribu kila njia. Baba yenu amefariki.' Mtoto mkubwa anauliza, 'Saa ngapi?'"

Cherehani ilikuwa imeshanyamaza. Mimi mwenyewe niliyajua yale maneno kwa sauti ya Redio, maana nimeyasikia mara nne kwa mgongo: Baba yenu amesafiri. Kwa basi la saa ngapi?

"Na lile jiwe?" Mama Zipu aliuliza.

"Ni kaburi, mama. Pale pameandikwa jina lake."

Mama Zipu aliivuta simu kwake. Halafu akaanza kuuliza mmoja mmoja, kama mtu anayekagua nyumba baada ya wezi. Yule nahodha wa meli ya angani? Alikufa. Bibi wa yule msichana mpiga ngoma? Alikufa, usingizini. Yule mbwa mzee?

Mwalimu aliniangalia mimi, akitaka msaada. Mimi nikaikazia macho kola yangu.

"Na mbwa pia, mama," alisema.

Mama Zipu alimaliza ile suruali. Mwalimu alipoivaa nyuma ya pazia tukamsikia akihangaika, kisha akatoka ameishikilia kwa mkono. Zipu ilikuwa imewekwa kichwa chini. Ilikuwa inafunga kwa kushuka. Muda wake ulikuwa umekwisha, akaenda hivyohivyo darasani, ameweka daftari mbele. Miaka kumi na sita sikuwa nimeona Mama Zipu akikosea zipu.

Niseme na langu. Mwaka ambao Redio alikuwa na miaka saba, baba yake, fundi wa umeme, alitoka asubuhi kwenda kazini na hakurudi. Walimteremsha kutoka kwenye nguzo akiwa ameshakata roho. Siku tatu za msiba mtoto alilala kwangu, kwa sababu mama yake hakuweza hata kujishika mwenyewe, na alinitumia maneno kupitia kwa jirani: mwambie baba amesafiri. Nikamwambia. Aliniuliza asubuhi, akaniuliza mchana, akaniuliza usiku, na mara zote nilimpa jibu hilohilo na kipande cha mkate. Aliporudi kwao mama yake naye akashikilia hapohapo. Amesafiri, atarudi akimaliza kazi. Baadaye mtoto mwenzake shuleni alimtobolea. Tulijua ametobolewa kwa sababu siku hiyo aliacha kuuliza. Hakuuliza tena maisha yake yote. Nasi tukashukuru kimoyomoyo, tukasema mtoto ameelewa, mambo yamekwisha.

Hata kaburini hakuwahi kupelekwa. Mama Zipu alikuwa akienda peke yake kila mwaka, na kila mwaka alimwambia mtoto kwamba anampelekea mteja nguo.

Tena si kwamba sikushuku ile kazi ya kusoma. Siku moja niligeuka kuokota chaki iliyonidondoka, nikaona kwenye simu watu sita wamebeba jeneza, na Redio, sauti yake tulivu kabisa, anasoma, "Wanampeleka stesheni." Mama yake ameinamia mkunjo wa sketi. Niliokota chaki yangu nikarudi ukutani. Nilijiambia mambo ya anime hayanihusu. Ninajichukia kwa hilo mpaka leo.

Tangu ile Jumanne nilimngoja Mama Zipu ampigie simu bintiye ampe vidonge vyake. Hakupiga. Na Jumatano ikapita hivyo, cherehani inakwenda, simu imefunikwa kifudifudi kwenye kopo la bobini.

Alhamisi asubuhi Redio mwenyewe akaingia, begi begani, na si wakati wa likizo. Alitusalimia, "Shikamoo mama, shikamoo mama mdogo," kama kawaida yake, kisha akatoa barua akaiweka juu ya cherehani na kukaa kwenye kigoda chake. Hatukuwa na haja ya kuifungua. Alitueleza mwenyewe.

Alikuwa kwenye mafunzo ya wodini. Mgonjwa wa kitanda cha sita alikufa alfajiri. Saa ya kuona wagonjwa mke wake akaja na chupa ya chai. Muuguzi mkuu alikuwa amebanwa, akamwambia Redio jambo moja tu: mkalishe yule mama, nakuja kumweleza. Yule mama akamuuliza, "Mwanangu, mume wangu wamempeleka wapi?" Redio akafungua mdomo.

"Nikamwambia amehamishiwa wodi nyingine," alisema.

Yule mama alishukuru. Akachukua chupa yake akaenda kumtafuta. Alizunguka wodi tano, akiuliza kitanda kwa kitanda, na aliyekuja kumwambia ukweli mwishoni alikuwa mfagiaji, katikati ya korido, ameshika ndoo.

Barua ilisema akae nyumbani mpaka Jumatatu. Jumatatu asimame mbele ya mkufunzi, aeleze alichokifanya, na aonyeshe mtu anavyoambiwa habari ya kifo. Asipofika, nafasi yake chuoni imekwisha.

"Sirudi," alisema Redio. "Nitakaa hapa nishone vifungo. Mama, sikutaka kumdanganya. Neno lilikuwa hapa," akashika koo lake, "nikasikia limetoka jingine. Muuguzi gani huyo? Nimemzungusha mwanamke wa watu hospitali nzima na chai ya maiti."

Nilimwangalia Mama Zipu. Alikuwa ameishika barua, hakuifungua, anaipapasa ukingoni kama anavyopapasa kitambaa kujua ni cha aina gani. Uso wake ulikuwa umesawijika. Nilidhani anatafuta maneno ya kumgombeza. Nilikosea.

"Kula kwanza," alisema. "Ulale. Kesho utanisomea."

Ijumaa mchana alifunga mlango wa duka, jambo ambalo hulifanya siku za msiba tu. Aliweka simu kwenye kopo la bobini, akaweka shati la mteja chini ya sindano, akasema, "Ya miavuli. Kipindi cha tisa."

"Mama, hiyo si unaijua yote?"

"Soma."

Redio akasoma. Sikugeuka, lakini mkasi niliuweka chini. Alikuwa amekua, ile sauti nyembamba ya mtoto wa mwisho haikumtoka vizuri kama zamani, ila ya baba ilikuwa ileile. Baba akakohoa. Baba akaanguka juu ya meza ya gundi. Watoto wakakimbia naye hospitali, mvua inanyesha. Mlango ukafunguka, daktari akatoka. Redio akasita kidogo sana. Usingekuwa unamsikiliza usingejua.

"Daktari anasema, 'Tumejaribu kila njia. Baba yenu amesafiri.'"

Mguu wa Mama Zipu ukatoka kwenye pedali.

"Soma kilichoandikwa," alisema.

"Mama..."

"Mwalimu amenisomea. Najua kuhusu jiwe. Najua mpaka mbwa."

Redio aliweka mikono usoni. Gari la maji lilipita nje, mtu akagonga mlango akaondoka.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja," alisema Redio. "Mara ya kwanza lile neno lilipotokea kwenye simu nilikuangalia. Ulikuwa umeinama hivyo hivyo. Nilidhani ukilisikia utaacha kushona, utalala kitandani kama ule mwaka. Nikaliruka. Halafu kila hadithi lilikuwemo, ikabidi niruke kila mara. Ilifika mahali hata sikumbuki kama naruka."

"Na hilo neno la kusafiri ulilitoa wapi?" Mama Zipu aliuliza.

Redio aliinamia simu. Alijua, na sisi tulijua.

"Ulilitoa kwangu," alisema Mama Zipu. "Basi nisikilize. Baba yako hakusafiri. Alikufa. Alikufa siku ya Jumatano, saa nne na nusu, juu ya nguzo nyuma ya soko, na mimi nilikuwa nashona gauni la njano. Nilishindwa kukwambia. Niliona nikilitamka mbele yako ndipo litakuwa kweli. Ulikuwa mtoto wa miaka saba nikakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, halafu nikakuachia wewe uulinde uongo wangu miaka yote hii, na nikakaa hapa nalalamika kwamba watu wa anime wanasafiri mno." Alivua miwani. "Nisamehe, mwanangu."

Hapo nikageuka. Miaka kumi na sita mgongo unatosha. "Na mimi," nikasema. "Siku tatu ulilala kwangu. Nilikudanganya kila ulipouliza, na nilikusikia ukidanganya nikanyamaza. Nisamehe na mimi."

Tulilia, niseme tu ukweli, watatu sote, na bitana iliyotumika siku ile ilikuwa karibu nusu mita. Kisha Mama Zipu akajikaza, akavaa miwani yake, akarudisha mguu kwenye pedali.

"Haya. Daktari ametoka mlangoni. Anasemaje?"

Redio alivuta pumzi. Alijaribu mara moja sauti haikutoka. Mara ya pili ikatoka.

"Anasema, 'Tumejaribu kila njia. Baba yenu amefariki.'"

"Na mtoto?"

"Mtoto anauliza, 'Saa ngapi?' Daktari anakaa chini, karibu naye. Anamwambia, 'Saa kumi na dakika tano. Nilikuwa nimemshika mkono.'"

Sehemu hiyo ya kukaa chini na ya mkono hatukuwa tumewahi kuisikia. Redio alikuwa akiiruka pamoja na neno lenyewe, maana msafiri hashikwi mkono na daktari hana haja ya kukaa. Mama Zipu alisema ngoja, irudishe. Akamwangalia yule daktari wa kuchorwa akivuta kiti na kukaa. Aliirudisha tena.

"Ona anavyokaa," alimwambia Redio. "Hajasimama mlangoni. Kasema neno, kisha kakaa. Mkufunzi wako akikuuliza Jumatatu, si ndiyo hii?"

Redio aliitikia kwa kichwa. Alisoma mpaka mwisho wa kipindi, kisha wakaruka hadi kipindi cha mwisho kabisa, na nilisogeza kiti changu nikaangalia nao, mara yangu ya kwanza. Watoto wakatembea nje ya mji. Wakafika kwenye jiwe. Redio akasoma, "Kaburi la baba." Wakafungua mwavuli. Mvua ikanyesha, na ni kweli, wanaijua kuichora.

"Imefunga?" Redio aliuliza ilipokwisha. Ndivyo alivyokuwa akiuliza tangu utotoni.

Mama Zipu alifikiri, kitu ambacho kwa hadithi hii hakuwahi kukifanya.

"Ya kwako ilifunga," alisema. "Ya kwako watoto walikuwa wanamsubiri mtu. Ilikuwa tamu, siikani. Hii ni nyingine. Hawa wanajua hakuna anayeshuka, na bado wameleta mwavuli. Hii sijui. Nipe muda niiangalie tena."

Jumamosi hakuna aliyeitaja Jumatatu. Redio alishona vifungo vya mashati manane, na vyote alivikaza mno. Begi lake lilibaki mlangoni halijafunguliwa wala halijaondolewa.

Jumapili asubuhi Mama Zipu akanigongea, amevaa viatu vya kutokea. Nyuma yake alisimama Redio. "Tunakwenda," alisema. Nikauliza kama nichukue mwavuli, kwa utani kidogo, kwa sababu nilikuwa na woga. "Mwavuli wa nini na jua hili?" alijibu. "Hayo ni mambo ya kwenye anime."

Makaburi yako ng'ambo ya barabara ya viwandani, nyuma ya ukuta mrefu. Mama Zipu alituongoza bila kutafuta, kushoto, kulia, kushoto tena, njia aliyoizoea. Akasimama mbele ya kibao cha saruji kilichopakwa chokaa, maandishi yake meusi yamefifia upande wa mvua. Redio alikiangalia. Alikuwa na miaka ishirini na alikuwa hajawahi kukiona.

"Soma," mama yake akamwambia. "Mimi macho hayaoni vizuri."

Alikuwa na miwani yake usoni. Redio alichutama mpaka uso wake ukawa sawa na kibao, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, na akasoma kwa sauti ya kwake mwenyewe, si ya babu wala ya paka. Alisoma majina matatu ya baba yake. Alisoma siku aliyozaliwa. Alisoma, "Alikufa," na siku, na mwezi, na mwaka. Kisha akakaa chini, palepale kwenye majani, akaweka kiganja juu ya saruji.

"Umeruka kitu?" Mama Zipu aliuliza.

"Sijaruka, mama."

Tulikaa naye mpaka jua lilipokuwa kali. Kesho yake asubuhi, kabla hatujafungua duka, alichukua begi lake mlangoni na ile barua, akapanda basi kurudi chuoni.